Kilima Kisichokimbia

Ninyi mliobaki maabarani mmeniomba niandike mambo ya kazi, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Hayo mnayajua, na msiyoyajua mtaambiwa na mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kukosea. Nitaandika mambo ya mwanga. Miaka yangu yote katika maabara yetu ya maji hapa Lubumbashi nilikaa mbele ya mashine moja, nikipima vitu ambavyo jicho halivioni, na mpaka leo, nikiwa nyumbani na goti langu linalolalamika, bado nashangaa kwamba kazi ile inawezekana.

Siku ya kwanza nilifika na blouse nyeupe, koti letu la maabara, iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kwetu hakuna aliyekwenda kazini na mikunjo. Aliyepewa kunifundisha alikuwa Papa Tshibanda, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Kasai, mtu wa maneno machache na miwani mizito. Aliitazama blouse yangu, akaitazama mikono yangu, akanituma nijaze glasi maji ya bomba.

“Iko safi?” akauliza.

Nikainua glasi kwenye dirisha. “Iko safi, Papa.”

Alikuwa na sanduku alilolitengeneza mwenyewe, limepakwa rangi nyeusi ndani, lenye tundu ubavuni kwa ajili ya taa na tundu mbele kwa ajili ya jicho. Akaweka glasi ndani, akawasha taa, akasema, “Angalia kwanza.”

Niliinama nikaangalia. Mwanga ulikuwa umepita katikati ya maji, na njia yake yote ilionekana, imejaa chembe ndogo ndogo zinazoelea, maelfu kwa maelfu, kila moja ikiwaka. Nilinyanyua kichwa nikaitazama glasi kwa juu: maji matupu. Nikainama tena: chembe. Mwili ulinisisimka, nawaambia kweli, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyoishi miaka yote bila kujua ina chumba kingine.

“Ile njo mayi yenye unakunywaka,” akasema Papa Tshibanda. “Usiogope, Mama Ngoie, haitakuua. Lakini kuanzia leo usiseme kintu iko safi mbele ya kuiangalia ku mbavu.”

Hapo ndipo alinieleza jambo ambalo kazi yetu yote inasimama juu yake. Chembe ikipigwa na mwanga huutupa huku na huku, lakini haibadilishi rangi yake: taa ya buluu, mwanga unaotupwa ni wa buluu. Huo ndio tuliuita mtawanyiko. Lakini kuna vitu vingine, kama ile rangi ya unga tunayoimwaga majini ili kufuatilia njia yake, ambavyo hupokea mwanga wa buluu, hukaa nao muda mfupi kuliko kufumba jicho, kisha hurudisha wa kijani. Hiyo ndiyo fluorescence. Jicho la mashine limewekwa ubavuni ili lisiitazame taa usoni, na lingoje ule mwanga wa kijani. Tabu ni kwamba chembe nazo hutupa mwanga ubavuni, na buluu ile na kijani kile ni majirani wa karibu sana. Ukitafuta rangi nyingi, haidhuru. Ukitafuta kidogo sana, kelele ya chembe hufunika sauti ya rangi.

Kwa hiyo miezi yangu ya kwanza ilikuwa ya vita na uchafu. Kichupa chetu cha quartz, chenye pembe nne, ambacho tulikiita cuve, kilishikwa kwa ukingo wa juu tu, kwa vidole viwili. Alama ya kidole kimoja ilitosha kuharibu asubuhi nzima. Povu moja dogo lililoganda ukutani mwa cuve liliwahi kunifanya nitangaze kwamba maji ya distillation, yaliyotengwa kwa mvuke, yana rangi. Mwezi wa nane, vumbi jekundu linapoingia hata kwenye saa ya mkono, tulitandika kitambaa chenye maji chini ya mlango, na Papa Tshibanda alipiga marufuku karanga ndani ya chumba. Directeur mwenyewe, mkuu wa maabara, alikula karanga zake nje, barazani, bila kunung'unika, jambo ambalo hakumfanyia waziri yeyote.

Mashine ilikuwa na vifungo viwili vikubwa vya kuzungusha. Kimoja kilichagua rangi ya taa, cha pili kilichagua rangi ya kutazama, na kalamu ilichora kwenye karatasi ndefu, kila rangi na mahali pake. Mahali penye mwanga mwingi, kalamu ilipanda na kushuka ikaacha kilima. Siku moja Papa Tshibanda alinichorea vilima viwili, kikubwa na kidogo, vimekaa karibu karibu.

“Gani njo rangi?”

“Sijue, Papa.”

“Hata miye sijue. Macho haiwezi kujua. Zungusha kifungo ya taa kidogo, uchore tena.”

Nikazungusha, nikachora. Tukaweka karatasi mbili moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Kilima kikubwa kilikuwa kimehama, kimeifuata taa. Kidogo kilikuwa kimepungua kimo, lakini kimesimama palepale.

“Unaona? Mwanga ya kutawanyika haina kwao,” akasema. “Taa ikienda, naye anaenda. Lakini rangi iko na kwake. Unaweza kuzungusha mpaka kesho, itakungojea palepale.”

Kisha, kwa kuwa alipenda kunimaliza kabisa, akachukua maji ya distillation, tukayachuja mara mbili kwa karatasi ya kuchujia yenye matundu madogo kuliko zote tulizokuwa nazo, tukayapima kwa uwezo wote wa mashine wa kuona mwanga hafifu. Kilima kidogo kikatokea, na kikahama na taa. Nikasema bado kuna vumbi. Akatikisa kichwa. “Ile haina vumbi. Ni mayi yenyewe. Hata ukiondosha kila kintu, mayi nayo iko na kilima yake.” Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini sikumbuki misa iliyonipata vile.

Sasa niwaandikie kesi iliyonifundisha zaidi, na ambayo nilikosea ndani yake.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Nje ya mji, barabara ya kwenda Lukafu, kulikuwa na mtaa uliokunywa maji ya chemchemi moja. Juu ya kilima kilicho nyuma yake kulikuwa na kiwanda, ambacho sitakitaja, chenye bwawa la maji machafu. Watu walisema maji ya chemchemi yana ladha ya msumari. Tulipima tukakuta shaba, lakini katika nchi yetu ukikwangua hata ukuta wa kanisa utakuta shaba. Kiwanda kikajibu kwamba hayo ni madini ya ardhi. Ardhi ya pale ni ya mawe ya chokaa, imetobokatoboka chini kwa chini; maji huingia huku yakatokea kule, na hakuna ajuaye njia yao. Ikaamuliwa tumwage rangi bwawani, rangi isiyodhuru mtu, kisha tungoje kuona kama itatokea chemchemini.

Kanuni yetu ilikuwa kwamba anayemwaga rangi haruhusiwi kugusa chupa za maji, maana punje moja kwenye kiatu inaweza kufanya mto mzima uonekane na hatia. Directeur akamwaga, kwa sababu kulikuwa na mpiga picha. Mimi nikawa wa kuteka maji chemchemini kila asubuhi.

Mkuu wa kamati ya chemchemi alikuwa Mama Numbi, mjane aliyeuza samaki wakavu wa Pweto, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu: “Na kama rangi inafika?”

“Kama inafika, Mama, mutafunga.”

“Tufunge, tukunywe nini?”

Maji mengine yalikuwa ya pompe, ile pampu ya parokia, mwendo wa saa nzima na bidoni kichwani, na saa nyingine ya kurudi. Nikajaza chupa yangu.

Wiki mbili mashine haikuonyesha kitu. Hapa lazima niwaambie kosa langu wazi. Karatasi za kalamu zilikuwa zimeadimika, tulikuwa tumebakiwa na roli moja. Ili nizibanie, niliviacha vifungo vyote viwili mahali pamoja, sikuchora vilima, nikawa nasoma namba tu. Namba moja kila asubuhi. Mvua za kwanza zilipokuja, asubuhi moja namba ikaruka juu. Maji yalikuwa safi kabisa machoni. Nikarudia mara tatu, ikaruka mara tatu. Nilipanda ngazi mbio, kwa goti hili hili, nikamwambia directeur kwamba rangi imefika. Barua iliandikwa kabla ya saa sita, na jioni ile chemchemi ilifungwa kwa mnyororo.

Kesho yake nilikwenda kuteka maji kama kawaida, nikakuta akina mama wamejaa. Sitaandika yote waliyoniita. Mama Numbi alisimama mbele yao, mikono kiunoni.

“Shiye tulitengeneza mayi juu yenu,” akasema, “na muko munatufungia?”

“Mulitengeneza namna gani, Mama?”

Akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye mnyororo. Kwa sababu watu wa maabara walikuwa wanakuja kila siku, kamati iliona aibu na ule ukingo wa chemchemi uliopasuka. Walifanya salongo, wote pamoja, Jumamosi nzima. Walichimba udongo wa kichuguu, wakaupondaponda, wakaupepeta kama unga wa bukari, ugali wetu, wakaukanda, wakausiliba kwenye ukingo wote na kuusugua kwa jiwe mpaka ukang'aa. Ulikuwa mzuri, nawaambia, nami niliyekuja na macho kwenye chupa tu sikuwa nimeuona. Tangu nizaliwe sijaona chemchemi iliyopambwa kwa ajili ya wageni namna ile. Niliupitisha kidole, kikarudi na udongo.

Mchwa huchagua udongo laini kuliko ule ambao sisi tungeweza kuuchuja. Mvua ikiuosha ukaingia majini, hautui. Unaelea siku nyingi, maji yanaonekana safi, na kila chembe inatupa mwanga huku na huku.

Papa Tshibanda alikuwa amestaafu zamani kwa makaratasi, lakini alikuwa bado anakuja mara mbili kwa wiki, akikaa karibu na dirisha na gazeti la juzi. Nilimweleza. Hakushusha gazeti.

“Ulizungusha kifungo?”

“Karatasi ilikuwa kidogo, Papa.”

“Karatasi,” akasema, na hilo likawa neno lake lote.

Nikachora. Kilima kikubwa. Nikazungusha kifungo cha taa, nikachora tena. Kilima kikakimbia, chote kizima, hakikuacha kitu nyuma. Nilikuwa nimefunga maji ya mtaa mzima kwa sababu ya udongo wa kichuguu na ubahili wa karatasi.

Niliomba nipewe ufunguo niende mwenyewe. Niliufungua mnyororo mbele yao wote na kusema kwamba nimekosea. Nilisikia aibu iliyonichoma masikio. Mama Numbi aliuchukua mnyororo mkononi mwangu.

“Basi mashini yenu inasemaka bongo, inadanganya.”

“Mashini haikusema bongo, Mama. Ni miye sikuiuliza muzuri.”

“Tukunywe?”

“Mukunywe,” nikasema. Neno hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu.

Niliendelea kuteka maji kila asubuhi, sasa nikichora, karatasi ziishe zisiishe. Siku ya kumi na moja, pembeni mwa kile kilima kikubwa cha udongo, niliona kitu kama bega. Nikachuja maji, udongo ukapungua, bega likabaki. Nikazungusha kifungo. Kilima kikubwa kikakimbia. Bega likajitenga likawa kilima kidogo, chembamba, kimesimama mahali pale hasa ambapo rangi yetu husimama. Nikazungusha tena. Hakikuondoka.

Nitawaambia nilivyojisikia, hata kama si vizuri. Kwanza nilifurahi. Ndoo moja ya rangi ilikuwa imemwagwa katika bwawa lenye ukubwa wa uwanja wa mpira, ikaingia ardhini, ikapita gizani chini ya kilima kwa wiki nyingi, ikachanganyika na maji ambayo hakuna aliyewahi kuyapima, na bado hapa, kwenye cuve yangu inayoingia kiganjani, ilikuwa inapokea buluu na kurudisha kijani. Ilikuwa kidogo kiasi kwamba sijui nitumie mfano gani. Nilitaka kupiga magoti. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa nimewaambia wanywe.

Nilikwenda siku ileile kuwaambia wafunge tena. Mama Numbi alinisikiliza huku akipanga samaki wake kwenye sinia, hakunyanyua uso.

“Leo munafunga, kesho munafungula, leo munafunga,” akasema. “Shi ile ni mulango ya choo?”

Hakuna mama hata mmoja aliyenisogelea. Walikuwa na haki. Nikamwomba Mama Numbi jambo moja tu: achukue chupa yake, aioshe mwenyewe, ateke maji mwenyewe, asinipe mimi wala mtu wetu yeyote, aje nayo maabarani. Na kifungo atazungusha yeye.

Alikuja kesho yake, amevaa pagne, kitenge chake cha misa, chupa ameifunga kwenye kitambaa na kuikumbatia kama mtoto. Nilipotaka kuchuja maji alinizuia.

“Musiondoshe kintu mu mayi yangu.”

“Hatuondoshe, Mama.”

Nikamwonyesha namna ya kushika cuve kwa vidole viwili. Aliishika vizuri kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwapokea. Mtu aliyezoea miba ya samaki ana vidole vya akili. Kalamu ikachora kilima kikubwa na bega lake. Nikaweka mkono wake kwenye kifungo. Akazungusha kidogo, kwa hofu, kisha zaidi. Kalamu ikachora tena. Akachukua karatasi zote mbili mwenyewe, akaziweka kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, na Papa Tshibanda akasogeza kiti chake ili asizuie mwanga.

Mama Numbi hakujua kusoma. Alifuata mistari kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili.

“Hii ilienda,” akasema. “Hii ya kidogo haikuenda.”

“Njo vile, Mama.”

“Yenye ilienda ni udongo yetu.”

“Ndiyo.”

“Na yenye haikuenda inatoka kule yulu, ku kiwanda. Kwa bale bantu.”

“Ndiyo, Mama.”

Kidole chake kilikuwa bado kwenye kile kilima kidogo. “Mujukuu yangu iko anakunywa hii,” akasema polepole. “Miye njo nilimujazia kikombe, asubuhi.”

Papa Tshibanda alivua miwani yake akaanza kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Mama Numbi akakunja karatasi, akaomba aende nazo. Jioni ile alifunga chemchemi kwa mkono wake, na akina mama walipobisha, aliziinua karatasi kuelekea juani akawaonyesha kilima kipi kilikimbia na kipi hakikukimbia. Niliambiwa alieleza vizuri kuliko ripoti yetu, na naamini, kwa maana ripoti yetu niliiandika mimi.

Kila Jumatatu baada ya hapo alikuja na chupa yake. Aliandikishwa getini kama mgeni, kisha baada ya muda mlinzi akachoka kumwandika. Tulichora pamoja. Kilima kidogo kilipanda, kikakaa, kikaanza kushuka. Yeye alikuwa anapima kimo chake kwa ukucha. Papa Tshibanda alimtazama kwa furaha ambayo mimi sikuwahi kuipata kwake katika miaka yangu yote, nami sikuona wivu, au niliona kidogo tu.

Jumatatu moja kilima hakikuwepo. Alizungusha kifungo, karatasi mbili zikawekwa dirishani, na kila kilichokuwepo kilikuwa kimekimbia. Mama Numbi alipiga makofi, akacheka, akanikumbatia pale pale karibu na mashine, jambo ambalo linakatazwa.

“Imeisha! Mayi imepona, Mama Ngoie! Nafungula leo!”

Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo tangu mwanzo. Nikamwomba akae. Nikamwambia kwamba rangi tuliituma mara moja tu, kama mtu unayemtuma aende kuangalia kama barabara inapitika. Alipita, akafika, amekwisha. Lakini maji ya bwawa hayakutumwa mara moja. Yanakuja kila siku kwa njia ileile, na yenyewe hayana rangi. Kalamu yetu haiwezi kuyachora.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama karatasi iliyokuwa tupu pale alipozoea kuweka ukucha wake.

“Kwa hiyo rangi imepita. Njia iko.”

“Njia iko, Mama.”

“Nitabaambia miye,” akasema, akisimama. “Weye usiseme kintu.”

Nilimfuata hata hivyo, nikasimama nyuma kabisa. Walikuwa wengi, wamekuja na bidoni zao tupu kwa sababu walijua ni siku ya habari, na wengine walikuwa wamesuka nywele. Mama Numbi hakushusha sauti na hakuipandisha. Aliwaonyesha karatasi, akawaambia maneno yale yale mawili, kwamba rangi imepita na njia iko, na hakuna aliyebisha. Mwanamke mmoja kijana aliuliza mpaka lini, naye akamjibu kwamba hajui. Akainua bidoni yake mwenyewe kichwani, akatangulia kwenye barabara ya parokia, na wengine wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka pale mbele ya mnyororo nikabaki peke yangu.